Mbwa Anapovuja Damu Unyayoni
Mbwa akikatwa unyayo na kigae cha chupa, mfunge kwanza mdomo kwa utepe wa kitambaa, isipokuwa kama anatapika au anahema kwa shida, kwa sababu maumivu humfanya hata mbwa mpole amng'ate anayempenda. Kisha kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia, maana kila unapokiinua unabandua damu iliyokwisha kuganda. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Nakusihi usimpe parasetamoli wala ibuprofeni, kwani dawa hizo za binadamu zaweza kumharibu ini, figo au tumbo. Kigae kilichozama ndani kiache kitolewe na daktari wa mifugo.