Namna ya Kutengeneza Adapta ya Kufungia Kichujio cha Koni kwenye Sensa ya Hewa

Katika magari mengi ya Nissan ya miaka ya 1990, sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini na ambayo mafundi huiita MAF, hufungwa kwa bolti nne kwenye boksi la kichujio. Anayetaka kuliondoa boksi hilo na kuweka kichujio cha koni cha dukani hukuta kwamba mdomo wa kichujio ni mviringo ilhali uso wa sensa una pembe nne, hivyo haviwezi kushikana bila kipande cha kati. Kipande hicho, yaani adapta, kinaweza kutengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya karakana, ila kinadai uangalifu kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii: adapta hukaa kabla ya sensa. Hewa ikipenya hapo, kompyuta ya gari huipima kama hewa nyingine yoyote, injini hunguruma vizuri na taa ya onyo haiwaki, huku vumbi likisaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Kwa hiyo adapta nzuri ni ile inayoziba kabisa, hata kama haipendezi kwa macho.

Tafuta bamba la alumini lenye unene wa milimita 5 au 6, bomba la alumini la urefu wa milimita 60 hivi, gundi ya epoksi ya sehemu mbili inayostahimili joto, karatasi ya gasketi, yaani ya kuziba mwanya kati ya nyuso mbili, na bolti zenye uzi uleule wa zile za awali. Kipenyo cha nje cha bomba lazima kilingane na kipenyo cha ndani cha shingo ya kichujio. Shingo ya milimita 76, yaani inchi 3, ni ya kawaida sana, lakini pima ya kwako kabla ya kununua bomba. Sishauri mbao za aina yoyote, kwa kuwa hufyonza unyevu na kupasuka kuzunguka bolti.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa terminali hasi ya betri, kisha plagi ya sensa, na kuihifadhi sensa ndani ya mfuko safi mbali na meza ya kazi. Ndani yake mna kipimio chembamba mno ambacho chembe moja ya chuma inaweza kukiharibu, kwa hiyo usitoboe bamba likiwa limeegemezwa kwenye sensa. Chukua kiolezo kwenye uso wa boksi la zamani, ambao una mpangilio uleule wa matundu: paka grisi nyepesi, bandika kadibodi, bonyeza, na alama zitabaki.

Hamishia alama hizo kwenye bamba, zigonge kwa panchi, kisha toboa matundu ya bolti. Tundu la kati likate dogo kidogo kuliko bomba na ulipanue taratibu kwa tupa mpaka bomba liingie kwa kubana na mwisho wake uwe sawa na uso wa bamba. Kwangu mimi hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ikiwa tundu la sensa ni dogo kuliko bomba, kutakuwa na ngazi itakayovuruga mkondo wa hewa na kuyumbisha vipimo, na injini itapanda na kushuka ikiwa sailensi, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Ijaze ngazi hiyo kwa epoksi na uilainishe kwa msasa iwe mteremko, lakini fanya hivyo kwenye adapta, kamwe si kwenye sensa.

Kwaruza sehemu za kugusana kwa msasa namba 80, zifute kwa spiriti, zipake epoksi pande zote mbili za kiungo, kisha iache ikauke kwa saa 24. Baadaye osha adapta kwa maji ya sabuni ili kuondoa vumbi la alumini.

Funga adapta pamoja na gasketi, ukikaza bolti kwa msalaba, na uhakikishe kwamba mshale wa sensa unaelekea kwenye injini. Boksi likishaondoka, sensa na kichujio huning'inia kwenye hozi peke yake, hivyo tengeneza mkono wa bati unaoshika tundu la zamani la boksi, wenye mpira wa kupunguza mtikisiko. Ongeza pia ukuta wa bati kati ya kichujio na injini, maana kila nyuzi 10 za joto zinapoongezeka, hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 3. Kichujio kikavu ni salama zaidi kwa sensa kuliko cha mafuta, kwa kuwa mafuta yakizidi huigandia.

Baada ya wiki moja ya kuendesha, vua kichujio na upanguse ndani ya adapta kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, fuata mstari wake hadi unapoanzia, uzibe hapo, na usiendeshe gari kabla ya kufanya hivyo.