Gololi za duara: anza na ardhi kwanza

Watu wengi wakitaka kuwafundisha watoto gololi wanakimbilia dukani, mi nasema anza na ardhi. Kama uwanja wenu ni wa kichanga kama huku kwetu Tanga, gololi inazama haifiki popote, kwa hiyo subiri jua lipoe, mwagia maji kidogo, kanyagakanyaga mpaka udongo ushikane, alafu fagia vijiwe na majani ya mwembe yote. Hapo ndo chomeka kijiti katikati, funga kamba, zungusha uchore duara. Kwa watoto wadogo upana wa hatua mbili za mtu mzima unatosha sana.

Kila mchezaji anaweka gololi sawa katikati, tatu tatu hivi, na anabaki na moja ya kupigia zile za katikati zitoke nje ya duara, nzuri iwe kubwa kidogo. Na kabla mtu hajapiga kitu mkubaliane kabisa, tunacheza kwa kula, yaani unayoitoa inakuwa yako, au kwa kurudishiana? Mi napenda watoto waanze kwa kurudishiana, kwa kula kuje wakishazoea, maana mtoto akiliwa zote siku ya kwanza kesho humuoni.

Sasa kupiga, hapa ndo penye kazi. Gololi ikae kwenye kidole cha shahada, kucha ya dole gumba iwe nyuma yake, mkono chini, kifundo cha kidole kiguse ardhi na kisinyanyuke mpaka gololi iondoke. Nguvu yote itoke kwenye dole gumba. Wengi wanasukuma mkono mzima, wakati anapiga tayari kashaingia nusu duara, hilo likatazeni mapema jamani, ugomvi mwingi wa gololi unaanzia hapo hapo. Ukiitoa gololi nje na yako ikabaki ndani unapiga tena kutoka iliposimama, kwa hiyo lenga ile ya mbele katikati kabisa, ya kwako itabaki karibu na hapo, ukiipiga ubavuni zote mbili zinakwenda zao.

Mchezo wenyewe wa zamani mno, watoto wa Roma ya kale walikuwa wanachezea kokwa, hizi za kioo zilikuja kuwa nyingi baada ya 1846 kule Lauscha, Ujerumani, walipopata mkasi maalumu wa kukata kioo cha moto kikatoka duara, baadae Martin Christensen wa Akron, Marekani, akatengeneza mashine. Uingereza pale Tinsley Green kila Ijumaa Kuu wanashindana timu kwa timu, gololi 49 kwenye duara, wa kwanza kutoa 25 kashinda. Kanuni hiyo naipenda, ichukueni, gololi zikiwa witiri timu mbili haziwezi kutoka sare.

Gololi zikiwa chache tumieni komwe, zile zile za bao, ngumu na laini vizuri, ila si duara kamili ukipigia zinapinda njia. Basi komwe zikae katikati, gololi ya kioo iwe ya kupigia tu. Na mkimaliza hesabuni zote muokote, hasa kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, hao kila kitu mdomoni na gololi inaziba koo.