Makefile moja kwa Make ya zamani na mpya

Makefile (faili la maelekezo ya Make, programu inayojenga programu nyingine) inayogoma kwenye mashine ya zamani hainisumbui sana: inatoa kosa, nasoma, narekebisha. Inayonitoa jasho ni ile inayokubali, inamaliza kimya kimya, kumbe imefanya jambo jingine kabisa. GNU Make 3.81 ya mwaka 2006 ni hodari wa hilo, na bado ndiyo iliyomo kwenye zana za waprogramu za macOS, kwa kuwa kuanzia 3.82 leseni ilihamia GPLv3, ambayo Apple huikwepa.

Hatua ya 1: Saka washukiwa (alama mpya ambazo 3.81 haizijui)

```
grep -nE '!=|&:|\.ONESHELL' Makefile
```

Hatua ya 2: Badilisha `!=`

Alama hii, inayoweka matokeo ya amri kwenye kigeu, ilikuja na 4.0 mwaka 2013. Kwenye 3.81, `SASA != date` huunda kigeu kiitwacho `SASA !`, na `$(SASA)` inabaki tupu. Andika `SASA := $(shell date)`. Basi.

Hatua ya 3: Ondoa `.ONESHELL`

Kwenye Make mpya, hili huendesha mistari yote ya lengo (kitu kinachojengwa) katika sheli moja; kwa 3.81 ni jina tu la lengo, halina nguvu yoyote. Kila mstari unaendeshwa na sheli yake, kwa hiyo `cd` ya mstari wa kwanza imeshasahaulika ukifika wa pili. Unganisha:

```
	cd build && ../configure
```

Hatua ya 4: Malengo ya pamoja

Hapa tulia. `parser.c parser.h &: parser.y` inaeleweka kuanzia 4.3 (2020): amri moja, faili mbili. Make za nyuma huichukulia `&` kama lengo la tatu, na amri huendeshwa upya kwa kila lengo linalohitajika. Ukiwa na `-j` (kazi kadhaa kwa pamoja), bison mbili (programu inayozalisha `parser.c` na `parser.h`) zinaandika faili zilezile kwa wakati mmoja. Niliwahi kupoteza siku nzima nikimlaumu kompaila kwa sababu ya `parser.h` iliyokatika katikati.

Dawa ni ya zamani kuliko ugonjwa. Kanuni ya ruwaza (yenye `%`) iliyo na malengo mengi huendesha amri mara moja tu, katika matoleo yote haya:

```
%.c %.h: %.y
	bison -d -o $*.c $<
```

Hatua ya 5: Alama ya reli (`#`)

Hili linauma upande wa pili. Ndani ya `$(shell ...)`, Make za zamani zinataka `\#`, lakini tangu 4.3 mkwaju huo wa nyuma (`\`) unabaki ndani ya matokeo. Iweke alama hiyo kwenye kigeu, kila toleo litaridhika:

```
H := \#
X := $(shell echo '$H')
```

Hatua ya 6: Uliza uwezo, usiulize namba

Ikiwa huwezi kabisa kuachana na kitu kipya, usilinganishe `MAKE_VERSION`. Kulinganisha namba za matoleo ndani ya Make ni mateso ya bure. Kigeu `.FEATURES`, kinachoorodhesha uwezo wa Make, kipo tangu 3.81, na kwa zilizotangulia kitakuwa tupu, jibu lilelile:

```
ifeq (,$(filter grouped-target,$(.FEATURES)))
$(error Inahitajika Make 4.3 au zaidi)
endif
```

Hatua ya 7: Jaribu na kikongwe chenyewe

Kwenye Mac tumia `/usr/bin/make`; kwenye Linux, kontena la Ubuntu 14.04 linatosha, maana Make ya hifadhi yake ni 3.81. Futa vilivyojengwa, endesha `make -j8`, kisha rudia amri hiyohiyo. Mara ya pili isikute la kufanya. Ikianza kujenga upya, mimi hurudi moja kwa moja hatua ya 4.