Kabla hujaenda kushuti video na lenzi ya zumu ya picha za mnato

Tangu 2008, kamera za picha Nikon D90 na Canon 5D Mark II zilipokuja na uwezo wa kurekodi, watu wameshuti video za kila aina kwa lenzi za picha na zimetoka vizuri tu, ila ukweli ni kwamba lenzi hizi zilitengenezwa kwa mtu anayelenga, anabonyeza, kaisha. Kwenye video kamera inaendelea kurekodi kila unachokifanya kwenye hiyo lenzi, kwa hiyo kagua mapema ukiwa nyumbani umetulia, usisubiri tukio lianze.

Kubwa kuliko yote ni fokasi pale unapovuta. Lenzi za kamera za TV na nyingi za sinema zimeundwa ili ukivuta karibu fokasi ibaki palepale, za picha nyingi haziko hivyo, ukizungusha zumu tu fokasi nayo inahama. Niliwahi kushuti mtu anahutubia, nikaanza mpana (eneo kubwa linaonekana) kwenye milimita 24, kila kitu kimekaa, nikavuta taratibu mpaka 70 na kwenye kioo kidogo cha kamera nikaona safi kabisa, kuja kufungua kwenye kompyuta uso wake umelainika, nywele hazihesabiki, halafu bango la nyuma yake linasomeka herufi kwa herufi. Ule mpana ulikuwa unaficha kosa, maana kwenye 24 vitu vya mbele na vya nyuma vinaonekana vikali kwa pamoja, ukivuta ndo kosa linatokea.

Sasa fanya hivi, bandika ukutani karatasi yenye maandishi madogo, kamera iwe kwenye stendi, vuta mpaka mwisho, shika fokasi, zima otofokasi, rekodi huku unarudisha mpaka mpana halafu unavuta tena, kisha angalia kwenye skrini kubwa. Kama maandishi yanakufa katikati basi umeshaijua lenzi yako, na kwa hiyo lenzi usivute wakati unarekodi. Panga fremu, shika fokasi, ndo ubonyeze, ukitaka saizi nyingine simamisha uanze upya, kwenye kuediti utaunganisha na itapendeza zaidi kuliko ule mvuto wa kusuasua.

Angalia na namba ya apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga, iliyoandikwa mbele ya lenzi. Ukiona 3.5-5.6 ujue ukivuta mpaka mwisho huku apacha iko wazi kabisa mwanga unapungua zaidi ya nusu, na video itaonyesha giza likiingia kidogokidogo, au ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ikiwa kwenye oto itapanda yenyewe na chengachenga zinaanza. Dawa ni kuweka 5.6 tangu mwanzo na kubaki hapo. Zenye 2.8 au 4 moja tu mwanzo mpaka mwisho ni nzuri kwa hili, ila nazo usibadilishe apacha katikati ya shoti kwa sababu nyingi zinaruka kwa hatua na kila hatua inaonekana.

Jua likiwa kali utahitaji filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga kinachofungwa mbele ya lenzi, hii usiikwepe. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) inatakiwa iwe 1/50 ya sekunde, na kwa apacha 2.8 na ISO 100 juani picha itaungua yote, inabidi ukate mwanga kama hatua 6 hivi, kila hatua inakata nusu, yaani ND64. Soma kipenyo cha filta kwenye lenzi zako zote, nunua filta ya ile kubwa, zile ndogo zivalishe ringi ya kuongezea. Na ucheki kama kioo cha mbele kinazunguka unaposhika fokasi, kikizunguka na ND ya kuzungusha (ile unayoizungusha kuongeza au kupunguza giza) nayo inazunguka, anga na mng'ao wa maji au vioo vinaweza kubadilika bila wewe kugusa kitu.

Sauti nayo. Lenzi nyingine mota yake inakwaruza na maiki ya kwenye kamera inadaka kila kitu, rekodi dakika moja chumbani kimya, vaa hedfoni, sikiliza. Ikisikika tumia maiki ya pembeni au shika fokasi kwa mkono, japo kuna lenzi ambazo ringi yake ni ya umeme, ukizungusha haraka inaenda mbali, ukizungusha polepole inaenda kidogo, kwa hiyo alama utakazochora hazitakusaidia.

Kwenye gimbo, kile kishikio chenye mota za kutuliza kamera, chagua urefu wa zumu kabla ya kubalansi, maana lenzi inayochomoka ukivuta inahamisha uzito mbele na mota zinaanza kutetemeka. Ile Sigma 18-35 ya f/1.8 iliyotoka 2013 watu wa video waliipenda kwa sababu mojawapo hii, haichomoki. Kwenye stendi zima kizuia mtikisiko, baadhi ya lenzi zinaelea zenyewe fremu ikiwa imetulia. Na lenzi nzito ukiinamisha kuangalia chini inaweza kuteleza kidogokidogo katikati ya shoti, kipande cha tepu kwenye ringi ya zumu kinatosha kuishika, weka hiyo tepu kwenye begi kabisa.