Monita tatu, kadi moja: anza na matundu

Watu wakitaka kadi ya grafiki swali la kwanza ni memori ya GB ngapi, sawa, ila kama una monita tatu igeuze kwanza uangalie matundu ya nyuma. Kadi za RTX 3060 nyingi zina matundu ya DisplayPort 3 na HDMI 1, yaani monita nne fresh tu. Monita yako ina HDMI peke yake? Chukua kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na hiyo ni ya njia moja, mi niliwahi kuichomeka kinyume nikahangaika jioni nzima nikijua kadi imekufa kumbe wapi.

Excel na brauza hazisumbui kadi, gemu ndo linaila, na gemu si unacheza kwenye skrini moja? Basi pima kwa hiyo moja: skrini ya 1080p (Full HD), kadi ya RX 6600 ya GB 8 inatosha, ukipanda 1440p, yenye pikseli nyingi zaidi, afadhali GB 12.

Pawa saplai usiisahau, 3060 inakula wati 170 na inataka waya wake wa umeme, zile kompyuta ndogo za ofisi za mtumba nyingi hazina, huko tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la umeme.

Ukishafunga, chomeka monita kwenye kadi, sio kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta)!