Unataka kuingia rialiti shoo? Anza na mama yako kwanza

Kila tangazo la usaili likitoka huku Mwanza simu yangu haipumui. Dada nivae nini, dada niimbe ya nani, dada majaji wanapenda watu wa aina gani. Sasa nimeamua niandike mara moja, anayeuliza namtumia asome mwenyewe. Mi nliwahi kuingia shoo moja, jina sitaji, nlikaa ndani wiki 3 nikatolewa, na nlichotoka nacho sio mbinu ya kupita usaili, ni jinsi ya kwenda na kurudi bila kuwaachia watu wa nyumbani aibu ambayo hawakuisaini wao. We utakaa mle wiki kadhaa. Ile shoo itakaa kwenu miaka.

Kwahiyo kabla ya fomu, kabla ya picha, kaa kikao na mama. Au baba, au shangazi aliyekulea, yaani yule mtu ambaye watu wakitaka kukusema we wataenda kumsemea yeye. Usiende kuaga tu. Mwambie vitu vyako vyote ambavyo mtu akivifukua vitaleta kelele, mtoto uliyemwacha kwa bibi, yule mwanaume mwenye mke, deni la kikoba, chochote, avisikie kwa mdomo wako maana vikianza kuzunguka mtandaoni ye hatakuwa na wa kumuuliza, simu yako utakuwa umenyang'anywa siku ya kwanza. Halafu mchague mtu mmoja wa kushika akaunti zako. Asiwe na mdomo! Kazi yake kuweka picha na namba ya kura, basi, kujibu hapana. Kwetu kazi hii alipewa kaka yangu, na siku ya nne tu alikuwa anatukanana na watu asiowajua saa nane usiku kwa jina langu, nimetoka nakuta mi ndo mwenye matusi.

Sasa ngoja niwape kisa cha fulana ndo mtanielewa.

Jioni moja mle ndani jamaa alikuwa anatupa stori ya kuku wa bibi yake, nlicheka mpaka nikaegemea ukuta. Siku mbili baadae dada mmoja akawa analia, anaelezea alivyompoteza baba yake, na mi nlikuwa nimekaa pale pembeni yake kimya, nimejifunga kanga ya bluu mabegani maana kulikuwa na baridi. Kwenye tv ikatoka hivi: dada analia, anamtaja baba yake, kamera inahama, mimi huyo nacheka nimeegemea ukuta. Basi. Sekunde kama nne. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi kabla hajafungua hata gunia wenzake wakaanza, we mama nanihii, yule mwanao anachekaga misiba ya watu? Jina likakaa, Cheka Msiba. Wateja wakawa wanaelekezana, nenda kwa mama Cheka Msiba, dagaa zake hazina mchanga.

Nlivyorudi nikaanza kujieleza nalia, mama akanikatisha. Akasema mi nlijua, kwenye kulia una kanga ya bluu, kwenye kucheka una fulana ya njano, na ile fulana nimeifua mimi mara ngapi. Nchi nzima waliangalia, mama peke yake ndo aliona.

Ndo maana nakwambia anza nae.

Usaili wenyewe sina mengi. Bongo Star Search walivyokuwa wanazunguka mikoani na huku Mwanza wakifika, foleni ilikuwa ya kufa mtu, na watu walikuwa hawajui kwamba kamera inaanza kwenye foleni, sio mbele ya jaji. Na shoo nyingi kuna watu wanakuchuja kabla hujawaona hao majaji unaowajua kwa sura, kwahiyo kama unaimba vibaya na bado umefikishwa mbele usifurahi haraka, inawezekana wamekuleta uchekwe. Jiulize mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Na ukiona mtu anakwambia utume elfu ishirini kwenye namba yake binafsi ili jina lako liingizwe, huyo ni tapeli, meseji yake ipeleke 15040 ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, uendelee na maisha yako.

Mkataba ndo penyewe hapa. Watu wanasaini wamesimama, kalamu ya kuazima, nyuma kuna foleni ya watu 10 wanasukumana. Usisaini siku hiyohiyo. Omba nakala uende nayo nyumbani, wakikataa hiyo tayari ni habari. Mtafute mwanasheria, hata wa msaada wa kisheria, hata mtoto wa jirani anayesoma sheria, akusomee taratibu kwa Kiswahili. Utakuta kipengele kinasema wanaruhusiwa kukata na kupanga picha na sauti yako wanavyotaka, hicho kipo karibu kila mahali na hawatakitoa, ila angalau ujue umekubali kuchekeshwa msibani. Kingine kinasema picha zako ni zao milele, maana yake ukiwa na wajukuu bado wanaweza kuzirusha. Angalia wakikusimamia baada ya shoo wanachukua asilimia ngapi na kwa miaka mingapi, hapa wengi ndo wanafungwa, mtu anashinda halafu anagundua hata kuimba harusini Sengerema anahitaji ruhusa. Angalia faini ya kuongea na waandishi. Angalia ukiumwa mle ndani nani analipa, na ukitaka kutoka mwenyewe inakuwaje.

Kuna swali moja ambalo sisi huku hatuulizagi kabisa: mkishatutoa nani atakaa na sisi tuongee? Hili sio la kizungu wala la kudeka. Uingereza kwenye shoo ya Love Island washiriki wa zamani wawili walijiua, mmoja 2018 mwingine 2019, ndo ITV ya kulekule Uingereza, kituo kinachorusha hiyo shoo, wakaja kutangaza kwamba kila anayetoka atapewa angalau vikao 8 na mtaalamu wa saikolojia, pamoja na kufundishwa mambo ya hela na mitandao, na mwaka 2021 mdhibiti wa utangazaji kule, Ofcom, akaweka kanuni za kulinda washiriki. Kwahiyo ukiuliza haujaleta ushamba. Uliza.

Ukishaingia, ujue nyumba yenyewe imetengenezwa ikuchokoze. Big Brother ilianzia Uholanzi mwaka 1999 na wazo lake halijabadilika sana, funga watu wasiojuana, ondoa simu, ondoa habari za nje, weka kamera kila kona, wataanza wenyewe. Mtu aliyelala masaa manne hana uvumilivu hata wa kijiko. Kwahiyo lala. Watu wanakesha wakidhani ndo wataonekana, kumbe anayekesha ndo wa kwanza kugombana kisa sukari. Kama kuna pombe na we sio mzoefu iache, picha ya mlevi haizeeki.

Kwenye chumba cha kuongea na kamera kuna mchezo, watakwambia swali uliingize ndani ya jibu lako. Ni kawaida ya kazi yao maana sauti ya anayeuliza inakatwa. Unaulizwa fulani ni mnafiki? Unajibu fulani ni mnafiki kidogo leo lakini mambo mengine tuko poa, unatoka unajiona umeongea kiungwana. Kitakachoruka ni fulani ni mnafiki. Dawa yake weka utetezi mwanzoni, usiuache uje mwishoni: "leo tu kwenye zamu ya vyombo fulani kaniudhi". Fupi, ina siku, ina sababu, haina pa kukatia. Na kama hutaki kitu kitumike kabisa nyamaza, we kunywa maji.

Kutoka sasa. Kila mtu ananitajia Idris Sultan, 2014 kabeba dola 300,000 za Big Brother Africa, au Richard Bezuidenhout 2007 na dola zake 100,000. Sawa, Watanzania wenzetu, hongera zao, Idris mpaka leo anachekesha na kuigiza. Lakini ule msimu wa 2014 waliingia watu zaidi ya 20, nitajie watano bila kugoogo. Umeona? Panga ukiwa wa kumi na mbili, sio ukiwa wa kwanza. Uwe na nauli ya kurudi ambayo haitoki kwao na kazi ya kurudia hata kama ni kusuka nywele. Wiki ya kwanza usipite mjini. Mi nlijidai kwenda Makoroboi siku ya pili, nikazungukwa na watu wananichekea wananiambia cheka basi tuone, nikarudi na bodaboda nimejifunika. Kakae kwa ndugu, mi nlipelekwa Ukerewe kwa mama mdogo, kule mtandao unasumbua na watu wanakuuliza umekula, yaani nlilala siku tano mfululizo.

Na nyie mnaoangalia, hamjasahaulika. Kukata na kupanga mtaanza kukuona mkijua pa kuangalia. Angalia nguo kama mama. Angalia kikombe, kilikuwa nusu sasa kimejaa. Angalia dirishani, mmoja anaongea mchana anajibiwa usiku. Ukisikia sauti ya mtu lakini mdomo wake hauonyeshwi, kamera iko kwa mwingine anayesikiliza, hapo ndo pa kutilia shaka zaidi. Mi na watoto wa dada yangu tukiangalia huwa tunashindana nani kaona kwanza, wa miaka 9 ananishinda siku hizi, na sijui kama nimemharibia starehe ila hadanganyiki kirahisi. Kura pia pangeni bajeti maana kila meseji inakula hela, jirani yangu mmoja Igoma alipigia kura mpaka hela ya luku ikaisha akaangalia fainali kwa sisi.

Komenti sasa. Japani mwaka 2020 binti wa miaka 22, mcheza mieleka Hana Kimura, alijiua baada ya kushambuliwa mtandaoni kwa sababu ya tukio moja kwenye shoo ya Terrace House, 2022 wakapandisha adhabu ya kutukana watu mpaka kifungo. Na sisi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kumnyanyasa mtu mtandaoni faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Lakini hata bila sheria, kabla hujaandika jua anayesoma sio yule wa ndani, hana simu. Anasoma mama yake.

Sio kwamba shoo zote mbaya, nisieleweke vibaya. Maisha Plus ya kina Masoud Kipanya mi nliipenda sana, vijana wanapelekwa kijijini wanachota maji, wanalima, wanapika kwa kuni, na baadae wakaja wale kinamama wakulima wa Mama Shujaa wa Chakula, shindano la shirika la Oxfam. Mama yangu ambae tv kwake ni kelele alikuwa anawahi kufunga biashara aje aone hao. Alikuwa anabishana nao kabisa, mama hilo tuta fupi, mama hapo mvua itakusomba.

Juzi kuna binti kaja kutoka Igombe na karatasi zake za mkataba, kurasa 14, shoo mpya. Nikamwambia rudi, njoo Jumamosi na mama yako. Wakaja. Tukakaa nje kwetu, mama yangu na yeye yupo anachambua dagaa, mi nasoma kipengele kimoja kimoja, yule mama kimya tu mpaka mwisho. Halafu akauliza, akitaka kurudi kabla ya siku zake nauli analipa nani? Nikarudia kurasa zote 14. Haikuandikwa. Tukawapigia palepale, dada wa mapokezi akasema swali zuri, anaenda kuuliza atatupigia.

Leo ni siku ya tisa. Binti hajasaini.