Somo: Kulifumua jina la ingizo la LDAP na kulifuma upya kwa Python

Asalaam alaykum ndugu zangu. Somo hili nimeliahidi tangu kabla ya msimu wa karafuu, na limetokana na kosa nililolifanya mwenyewe. Ofisi moja hapa Chake Chake ilinipa kazi ya kuhamisha saraka ya watumishi kutoka sava kongwe kwenda mpya. Nikaandika skripti, nikaijaribu kwa majina kumi, ikaenda vizuri. Usiku nikaiachia saraka nzima. Asubuhi kitengo kizima hakipo. Watumishi wote wa "Ununuzi, Ghala" wamebaki nje, hawawezi kuingia kwenye kompyuta zao. Mimi nilikuwa nakata jina kila penye mkato, na jina la kitengo chenyewe lina mkato ndani yake.

Basi tuanze hapo hapo.

Hatua ya 1: Lijue jina lenyewe

LDAP ni itifaki ya kutunza na kutafuta taarifa za watumiaji kwenye saraka ya mtandao. Kila ingizo kwenye saraka hiyo, yaani rekodi ya mtu au kitengo, lina jina lake kamili, tunaliita DN (Distinguished Name). Linasomwa kama unavyomwelekeza mgeni nyumba ya mtu: unaanza na mwenye nyumba, halafu shehia, wilaya, mkoa. Kutoka chini kwenda juu. Mfano wetu (jina la kubuni, na `test` ni kikoa kilichotengwa kwa majaribio tu):

```
cn=Khamis Juma,ou=Ununuzi\, Ghala,dc=mfano,dc=test
```

Kila ngazi ina sifa na thamani yake: `cn` ni jina la mtu, `ou` ni kitengo, `dc` ni kipande cha jina la kikoa. Hapo pana ngazi nne. Mikato ni minne pia, lakini inayotenganisha ngazi ni mitatu. Ule mwengine umetanguliwa na bekislashi (`\`), maana yake "mimi ni sehemu ya jina, usinikate". Sheria hizi zimo kwenye RFC 4514 (RFC ni hati za kanuni za mtandao) ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya RFC 2253 ya 1997. Alama zinazohitaji kinga ndani ya thamani ni mkato, `+`, `"`, `\`, `<`, `>`, `;`, na ile herufi ya sifuri. Nafasi tupu hukingwa ikiwa mwanzo au mwisho wa thamani, na `#` ikiwa mwanzo. Kinga inaweza kuandikwa kwa bekislashi na alama yenyewe, au bekislashi na tarakimu mbili za heksa (hesabu ya msingi wa 16): `\,` na `\2C` ni kitu kimoja. Kwa hiyo hata ukitunga msimbo wa kuruka mikato yenye bekislashi, bado kuna siku utanaswa. Iachieni maktaba kazi hii.

Hatua ya 2: Weka maktaba

Tunatumia python-ldap, ambayo chini yake inaita libldap, maktaba ya mradi wa OpenLDAP iliyoandikwa kwa C. Ndiyo maana `pip` peke yake mara nyingi hulalamika. Kwenye Debian au Ubuntu tanguliza hivi:

```
sudo apt install build-essential python3-dev libldap2-dev libsasl2-dev
pip install python-ldap
```

Hatua ya 3: Fumua

Tazama kwanza nilichofanya mimi, kisha kinachotakiwa:

```
>>> dn = r'cn=Khamis Juma,ou=Ununuzi\, Ghala,dc=mfano,dc=test'
>>> dn.split(',')
['cn=Khamis Juma', 'ou=Ununuzi\\', ' Ghala', 'dc=mfano', 'dc=test']

>>> from ldap.dn import str2dn, dn2str
>>> str2dn(dn)
[[('cn', 'Khamis Juma', 1)], [('ou', 'Ununuzi, Ghala', 1)],
 [('dc', 'mfano', 1)], [('dc', 'test', 1)]]
```

Kwenye jibu la kwanza, ` Ghala` imesimama peke yake kama ngazi, haina hata alama ya `=`. Kwenye la pili jina la kitengo limetoka zima, na bekislashi imeondoka. Hili la bekislashi lishikeni sana: ile kinga ni ya maandishi ya DN, si ya jina la kitengo. Kitengo kinaitwa "Ununuzi, Ghala", basi.

Wengi huuliza kwa nini kuna orodha ndani ya orodha. Orodha ya nje ni ngazi. Ya ndani ipo kwa sababu ngazi moja inaweza kubeba sifa zaidi ya moja zilizounganishwa kwa `+`. Kwetu jambo hili si la nadharia. Ukiwa na kina Fatma Ali watatu kitengo kimoja, mtu akaandika `cn=Fatma Ali+uid=fali2` (`uid` ni jina la kuingilia), utapata vifungu viwili ndani ya ngazi ile moja. Msimbo unaochukua `[0]` tu utamchanganya Fatma huyu na mwenzake.

Ile namba ya mwisho ni bendera ya aina ya thamani. 1 ni maandishi ya kawaida. 4 inamaanisha ndani mna herufi iliyo nje ya ASCII, ile seti ya herufi na alama za msingi za Kiingereza. Msiipuuze. Andika `ou=Ng'ambo` kwa kibodi ya kompyuta, utapata 1. Mwenzako akiiandika kwa simu, simu ikaigeuza ile alama kuwa `’` iliyopinda, utapata 4. Kwa macho ni Ng'ambo ile ile, kwa sava ni vitengo viwili tofauti. Mimi sasa kila ninapopokea saraka natafuta kwanza thamani zenye 4 na kuzikagua moja moja kwa macho.

Hatua ya 4: Badilisha, kisha fuma

```
>>> ngazi = str2dn(dn)
>>> ngazi[1] = [('ou', 'Ghala; Wete', 1)]
>>> print(dn2str(ngazi))
cn=Khamis Juma,ou=Ghala\; Wete,dc=mfano,dc=test
```

Kinga imewekwa na maktaba yenyewe. Msiite `escape_dn_chars` kabla ya `dn2str`, mtakinga mara mbili na bekislashi itaingia ndani ya jina. Hiyo `escape_dn_chars` ni ya pale unapojenga DN kwa mkono, na inapewa thamani moja tu, kamwe si DN nzima, kwani itazikinga hata alama za `=` na mikato inayotenganisha ngazi.

Hatua ya 5: Kuigeuza iwe njia ya kusomeka

Libldap kwa upande wa C ina `ldap_dn2ufn`, `ldap_dn2dcedn` na `ldap_dn2ad_canonical` za kugeuza DN iwe mitindo mingine. Kwa Python, ukitaka ule mtindo wa kutoka juu kwenda chini, mistari michache yatosha:

```
def njia(dn):
    ngazi = str2dn(dn)
    dc = [n[0][1] for n in ngazi if n[0][0].lower() == 'dc']
    nyengine = [n[0][1] for n in ngazi if n[0][0].lower() != 'dc']
    return '.'.join(dc) + '/' + '/'.join(reversed(nyengine))
```

Inatoa `mfano.test/Ununuzi, Ghala/Khamis Juma`. Ni ya kuonyesha kwenye skrini tu. Hapa nimechukua kifungu cha kwanza cha kila ngazi, na aina za sifa zimeshapotea, kwa hiyo huwezi kurudi nyuma kwenye DN.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Wete: Shikamoo mwalimu. Mbona kwangu dn2str inatoa bekislashi mbili?*

Marahaba. Ni moja. Ukiandika jina la kigezo tu, Python inakuonyesha namna ungeliandika kwenye msimbo, ndiyo ikaongeza ya pili. Tumia `print` kama nilivyofanya, utaiona ipo moja.

*Kutoka Mkoani: Nina orodha mbili, moja ina "CN=khamis juma, OU=..." na nyengine "cn=Khamis Juma,ou=...". Ni mtu mmoja?*

Karibu hakika, ndiyo. Aina ya sifa haijali herufi kubwa wala ndogo, na `cn`, `ou`, `uid` na `dc` kwa kawaida hazijali hata kwenye thamani. Nafasi baada ya mkato `str2dn` inaila. Kwa hiyo usilinganishe DN kwa `==`. Fumua zote mbili, geuza herufi zote ziwe ndogo, ndipo ulinganishe. Lakini sifa nyengine zinajali ukubwa wa herufi, na mwenye kauli ya mwisho ni sava.

*Kutoka Unguja, Michenzani: Ustadhi, nimetafuta vikundi vya mtu kwa (member=DN yake), sipati kitu. DN ni sahihi, nimeikagua.*

Ina bekislashi ndani, sivyo? Kichujio cha utafutaji kina sheria zake, RFC 4515, na huko bekislashi, nyota na mabano vinakingwa kwa heksa. DN yako inahitaji kinga ya pili juu ya ile ya kwanza:

```
from ldap.filter import escape_filter_chars
f = '(member=%s)' % escape_filter_chars(dn)
```

`Ununuzi\, Ghala` itakwenda kama `Ununuzi\5c, Ghala`. Hapa kinga mbili ni halali.

*Kutoka Konde: Nitajuaje kama mtumiaji ameniletea DN mbovu?*

`str2dn` itarusha `ldap.DECODING_ERROR`, au uliza `is_dn` ikupe ndiyo au hapana. Ila dada yangu, maandishi matupu, yaani `''`, ni DN halali, na `is_dn` itasema ndiyo, kwa sababu ndilo jina la mzizi. Mtu akiacha kisanduku wazi kwenye fomu na wewe ukapitisha, utafutaji wako utaanzia pasipotakiwa. Pima utupu kwanza, kisha ndiyo `is_dn`.